Mpinzani Asiye na Uso: Msiba na Kusubiri katika Maison Ikkoku



Jumatano ya tarehe 19 Machi 1986, televisheni ya Fuji nchini Japani ilirusha sehemu ya mwisho ya Urusei Yatsura, anime iliyowachekesha watazamaji tangu mwaka 1981 kwa visa vya msichana kutoka sayari nyingine anayemwadhibu mpenzi wake kwa umeme. Juma lililofuata, tarehe 26, saa ile ile, ikaanza Maison Ikkoku. Zote mbili zilitoka katika kalamu ya mtu mmoja, Rumiko Takahashi, mzaliwa wa Niigata mwaka 1957, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akichora hadithi hizo mbili sambamba: ile ya kwanza katika jarida la vijana, hii ya pili katika Big Comic Spirits, jarida la watu wazima lililoanza mwaka 1980. Aliyewasha televisheni jioni ile akitarajia vyombo vya anga alikuta nyumba kuukuu ya mbao yenye choo cha pamoja, wapangaji wapenda pombe, saa ya mnarani iliyokwisha kufa, na kijana aliyefeli mtihani wa kuingia chuo kikuu. Studio Deen iliiendeleza hadithi hiyo kwa sehemu 96, hadi tarehe 2 Machi 1988, na jambo linalowapata wahusika wake ni lile linalompata kila mtu: wanadaiwa kodi, wanatafuta kazi, wanapenda, wanazika, wanaoa.

Lawama inayoiandama anime hii tangu zamani ni kwamba inachelewa. Yusaku Godai anampenda Kyoko Otonashi tangu siku ya kwanza anapomwona, mtazamaji anajua watafikishana wapi, na bado anasubirishwa karibu miaka miwili ya televisheni. Watu wawili wangekaa chini wakazungumza nusu saa, wanasema walalamikaji, mambo yangekwisha katika sehemu ya kumi. Hoja yangu leo ni kwamba lawama hiyo inatokana na kuisoma hadithi hii kama mashindano ya kuwania mwanamke, ambayo ndiyo desturi ya vichekesho vingi vya mapenzi. Maison Ikkoku ni hadithi ya msiba iliyovikwa vazi la kichekesho. Mpinzani halisi wa Godai amekwisha kufa kabla ya sehemu ya kwanza kuanza, na kwa kuwa maiti hashindwi, hadithi inalazimika kutafuta mwisho ambao si ushindi. Kuutafuta mwisho huo kunahitaji muda, na muda wenyewe ndio unaosimuliwa.

Tuanze na namna mambo yalivyopangwa. Ikkoku-kan ni nyumba ya kupanga chumba kimojakimoja katika mtaa wa mlimani uitwao Tokeizaka. Chumba namba 1 anakaa mama Ichinose na mumewe na mtoto wao Kentaro. Namba 4 yumo Yotsuya, mtu asiyejulikana anafanya kazi gani, aliyetoboa ukuta ili aingie chumba cha jirani. Namba 5 ni cha Godai. Namba 6 ni cha Akemi, mhudumu wa baa. Hakuna bafu, watu huenda hamamu ya mtaani. Simu ni ya pamoja, kwa hiyo kila anayepigiwa anasikilizwa na nyumba nzima. Godai ameshafungasha mizigo ahame, amechoshwa na majirani wanaogeuza chumba chake kuwa ukumbi wa pombe usiku wa kuamkia mitihani, pale anapoingia msimamizi mpya wa nyumba: mwanamke kijana mwenye aproni iliyochorwa kifaranga, pamoja na mbwa mkubwa mweupe. Godai anafungua mizigo yake palepale. Sehemu chache baadaye yeye na majirani wanagundua kwamba msimamizi huyo ni mjane. Mumewe, Soichiro, alikuwa mwalimu katika shule ya sekondari aliyosoma Kyoko; Kyoko alimpenda akiwa mwanafunzi wake, akaolewa naye wazazi wake wakipinga, na haikupita hata nusu mwaka baada ya harusi Soichiro akafariki. Nyumba ni mali ya baba mkwe, ambaye amempa Kyoko kazi hiyo ili apate cha kumshughulisha.

Sasa tazameni jinsi marehemu anavyoonyeshwa. Kyoko anamkumbuka mara nyingi, na kumbukumbu zake zinachorwa: mume anakula, anaingia mlangoni, anatembea na mkewe. Uso wake hatuuoni kamwe. Kila anapotokea, kivuli kinauziba, au mgongo umetugeukia, au picha imekatwa mabegani. Godai anapopata nafasi ya kuitazama picha yake albamuni, kitu kinaingilia kati. Takahashi alifanya hivyo katika michoro, na wakurugenzi watatu waliopokezana anime hii, Kazuo Yamazaki, Takashi Anno na Naoyuki Yoshinaga, hawakuliacha sharti hilo hata kwa bahati mbaya. Hili ni pambo lenye kazi kubwa. Mtu mwenye uso unaweza kumlinganisha na mwingine: huyu mzuri zaidi, yule mrefu zaidi, huyu ana tabasamu bovu. Asiye na uso halinganishwi. Godai anabaki akishindana na kitu ambacho hakikosei, hakizeeki, hakichelewi kulipa kodi, na mtazamaji ananyimwa nafasi ya kumwambia kwamba yeye ni bora. Kuna maelezo machache tu ya marehemu, na yote ni ya kawaida mno: alikuwa mzembe wa mavazi, mpenda kula, mwenye kupenda mawe na tabaka za ardhi. Kutokana na hayo tunaanza kushuku kwamba Soichiro alifanana na Godai kuliko Godai anavyothubutu kufikiri.

Halafu kuna mbwa. Alimfuata Soichiro nyumbani siku moja kwa harufu ya nyama ya mshikaki, akawa hasikii jina lolote anapoitwa, ila Kyoko anapomwita mumewe, mbwa ndiye anayegeuka. Baada ya mazishi, mjane akalibakiza jina lile kwa mnyama. Basi kila siku ya Mungu, mbele ya nyumba, akishika fagio la mianzi, Kyoko anaita “Soichiro-san”, na kinachomjia ni mbwa mwenye njaa. Mwanzoni Godai analisikia jina hilo akaumwa wivu juu ya mwanamume asiyemjua, na tunacheka. Tunapofahamu asili ya jina, kicheko kilekile kinabadilika ladha bila mwandishi kuongeza neno. Sijui katika vichekesho vya mapenzi vya zama zile kitu kidogo kilichobebeshwa uzito mkubwa kama huu bila kuvunjika.

Katika jamii zetu za Waislamu wa pwani, mjane ana eda ya miezi minne na siku kumi. Ikiisha, jamii yenyewe inamwambia: sasa unaweza kuposwa. Kyoko hana mpaka kama huo. Ana maadhimisho ya kila mwaka makaburini pamoja na wakwe, ana wazazi wanaomsukuma aache jina la ukoo wa Otonashi aolewe tena, ana baba mkwe mpole anayemwambia vivyo hivyo kwa upole zaidi, lakini hakuna yeyote anayeweza kumtajia siku. Inambidi aipange mwenyewe, na kila anapokaribia kuipanga anajikuta akijiuliza swali baya: ikiwa ataweza kumpenda mtu mwingine kama alivyompenda yule, je, yale ya kwanza yalikuwa nini? Hapo ndipo ulipo ukaidi wake wote. Mtazamaji anayemwona Kyoko akichangamka jana, akinuna leo, akimfokea Godai kwa wivu kisha akikana kuwa ana wivu, anamwita kigeugeu. Mimi naona mwanamke anayeogopa furaha yake mwenyewe kwa sababu anaihesabu kuwa ni uhaini.

Upande wa Godai nako kuchelewa kuna sababu zake, na zinahusu fedha. Anime hii ilikuwa hewani wakati uchumi wa Japani ukipanda kwa kasi ambayo dunia iliishangaa. Televisheni ingeweza kumpa shujaa wake ofisi na suti. Godai anapata nini? Anafeli mtihani wa chuo, anarudia, anaingia chuo kisichosifika, anafanya vibarua, anahitimu bila kazi. Kampuni moja inamkubali, na inafilisika kabla hajaanza. Anaangukia kazi ya muda katika chekechea, anaipoteza, anaishia katika klabu ya usiku ambako jukumu lake kuu ni kuwalea watoto wa wahudumu wa kike wakati mama zao wako kazini. Ni katika chumba cha nyuma cha klabu hiyo, akiwabembeleza watoto wa watu, ndipo anapotambua anachokiweza, akasoma kwa jioni nyingi hadi akapata cheti cha ualimu wa watoto wadogo. Haya yanachukua takriban miaka sita ya hadithi, na miaka hiyo inaonekana: misimu inapita, sare zinabadilika, Kentaro anakua, theluji na maua ya cheri vinakuja kwa zamu. Wahusika wa vichekesho vingi vya aina hii hubaki na umri uleule miaka nenda miaka rudi. Hawa wanazeeka. Kijana asiye na kitu hathubutu kumposa mjane, na mwandishi hamwongezei ujasiri wa bure. Anampa kazi kwanza.

Kipimo cha hoja yangu ni Shun Mitaka. Yeye ni mwalimu wa tenisi, tajiri, mwenye gari zuri na meno yanayometameta anapotabasamu, na anamtaka Kyoko waziwazi. Kwa kanuni za mashindano, angetakiwa awe mlaghai ili mtazamaji afurahie kushindwa kwake. Takahashi akamfanya muungwana. Ana kasoro moja tu: anaogopa mbwa hadi kuzimia. Mchekeshaji wa kawaida angeishia hapo. Lakini mbwa anayemzuia kumfikia Kyoko anaitwa Soichiro! Tajiri aliye na kila kitu anakwama mlangoni kwa sababu ya jina la marehemu lenye miguu minne, na hata anapojitibu woga wake kwa kufuga mbwa wake mwenyewe, bado hafiki popote, kwa kuwa anachojua yeye ni kushinda. Anamtaka Kyoko asahau. Anaamini, kwa nia njema kabisa, kwamba mume wa zamani ni ukurasa wa kufungwa. Godai, ambaye hana gari wala mshahara, ndiye anayejifunza polepole kwamba ukurasa ule haufungwi.

Wapo watakaoniambia kwamba ninaipamba hadithi kupita kiasi, na kwamba vurugu za kutoelewana ni nyingi mno na zinajirudia. Kozue, msichana aliyemzoea Godai tangu walipofanya kibarua pamoja, anajihesabu mpenzi wake kwa miaka, na Godai hamwambii kweli. Simu inapokewa na mtu asiyefaa, mlango unafunguliwa wakati mbaya, Kyoko ananuna, tunaanza upya. Ninakubali sehemu ya lawama hii. Katikati ya mfululizo kuna visa ambavyo vingeondolewa na pasingeharibika kitu, na namna Godai anavyomwacha Kozue katika giza haipendezi. Ni woga uliovaa sura ya upole. Hata hivyo, angalieni kutoelewana kunaisha vipi. Kwa kawaida hakuishi kwa maelezo. Mara kadhaa ukweli unajulikana, na Kyoko anabaki na hasira, au anapata kisingizio kingine. Kama tatizo lingekuwa habari pungufu, habari kamili ingelitatua. Visa hivi vinamfaa Kyoko: vinampa ruhusa ya kutojijibu swali lake. Na hadithi inalijua hilo, maana imeweka watu wa kumwambia usoni.

Wa kwanza ni Ibuki Yagami, mwanafunzi wa shule ileile aliyosoma Kyoko, anayempenda Godai alipokwenda huko kufanya mazoezi ya kufundisha. Wengi wanamhesabu kama kero, msichana wa ziada aliyeingizwa ili mambo yarefuke. Lakini yeye ni Kyoko wa zamani amerudi: umri uleule, shule ileile, anampenda mwalimu, hasikii la mtu. Kyoko anamtazama msichana huyo na kuuona ujasiri aliokuwa nao yeye mwenyewe kabla ya mazishi, na Yagami, asiyejua adabu ya kunyamaza, anamwita mwoga. Wa pili ni Akemi, anayezurura nyumbani na nguo za ndani na ambaye watu hudhani yumo kwa ajili ya kuchekesha tu. Karibu na mwisho, Kyoko anapoondoka Ikkoku-kan kwa hasira baada ya kudhani kwamba Akemi na Godai wana uhusiano, ni Akemi anayemfuata na kumkaripia: unamshika mwanamume asiende kwa mwingine, wala humruhusu aje kwako, halafu unalia wivu. Hakuna hotuba kali kuliko hiyo katika sehemu zote 96, na inatoka kinywani mwa mlevi wa chumba namba 6.

Lawama ya pili ni nzito zaidi: kwamba Kyoko ni ndoto ya wanaume, mwanamke mzuri mwenye aproni anayefagia na kusubiri, aliyechorwa kwa ajili ya jarida lililosomwa zaidi na wanaume. Aproni ipo, sikatai. Ila ndoto haina hasira, na Kyoko anazo tele. Anavunja mazungumzo, ananyima chakula, anadanganya kuhusu moyo wake, ana kiburi, analewa na kutamka yasiyotamkika. Sumi Shimamoto, aliyekuwa amekwisha kumpa sauti Nausicaä katika filamu ya Hayao Miyazaki ya mwaka 1984, anampa Kyoko sauti tulivu inayoweza kuganda katikati ya sentensi. Salamu ileile ya asubuhi inaweza kuwa mapenzi au adhabu, na Godai (kwa sauti ya Issei Futamata) anajua tofauti kabla neno halijaisha. Lakini kuna lawama moja ambayo sina jibu lake. Tundu la Yotsuya ukutani, kuchungulia, na jinsi majirani wanavyomnyanyasa kijana maskini kwa kula chakula chake na kukesha chumbani mwake, vimechekesha zamani kuliko vinavyostahili kuchekesha leo. Ni kweli majirani haohao ndio wanaomlinda anapoanguka. Hilo halifuti tundu.

Pia siutetei sana mwisho wa Mitaka. Anaamini, baada ya usiku mmoja wa ulevi, kwamba amempa mimba Asuna, binti wa familia tajiri ambaye Mitaka anatakiwa kumuoa. Anamposa kwa kuwajibika. Kisha inabainika kwamba mwenye mimba ni mbwa wa Asuna. Inachekesha, na ni njia ya mkato ya kumtoa mpinzani uwanjani. Kama Mitaka angekuwa ndiye mpinzani mkuu, kosa hili lingeiangusha hadithi nzima, kwani mshindi angepata ushindi kwa bahati ya mimba ya mbwa. Hadithi haianguki. Mitaka anapokwisha kuondoka, hakuna kilichotatuliwa, na mtazamaji analihisi hilo mara moja: kazi ngumu bado iko mbele, kule makaburini.

Na makaburini ndiko inakofanyika. Godai, akiwa amekwisha kukubaliwa, anakwenda peke yake kwenye kaburi la Soichiro. Hamwombi ampishe, wala hajigambi. Anamwambia marehemu kwamba Kyoko aliyempenda yeye, tangu siku ya kwanza alipomwona, alikuwa tayari amembeba Soichiro moyoni. Mtu huyo mmoja hawezi kupasuliwa vipande viwili. Kwa hiyo anamchukua pamoja na Soichiro aliyemo ndani yake. Kyoko yuko nyuma, anasikia. Hapa ndipo zile sehemu zote zilizotangulia zinapolipwa. Godai wa sehemu ya tano asingeweza kusema maneno hayo, wala Kyoko wa sehemu ya hamsini asingeweza kuyasikia. Swali lililomtesa, kwamba pendo la pili litalifanya la kwanza kuwa uongo, linajibiwa na mtu ambaye alitarajiwa kuwa na haja kubwa zaidi ya kuliona la kwanza limefutika. Ni baada ya kujibiwa ndipo Kyoko anapoweza kuvirudisha vitu vya marehemu kwa baba mkwe wake kwa moyo mweupe.

Tena kuna sharti ambalo Kyoko anampa Godai anapokubali posa. Hamwombi utajiri wala uaminifu. Anamwomba aishi zaidi yake, hata kwa siku moja tu, kwani hataweza kubaki peke yake mara ya pili. Ni ombi lisilowezekana kuahidiwa na mtu yeyote, na Godai anaahidi. Kila mtazamaji anafahamu kwamba ahadi hiyo haimo mikononi mwake. Anime ya mapenzi ingeweza kutufungia na busu. Hii inatukumbusha kwamba kuoa ni kukubali kwamba mmoja wenu atamzika mwenzake, kisha inaendelea mbele hadi kuzaliwa kwa Haruka, binti anayeletwa Ikkoku-kan na wazazi ambao hawakuhama.

Ombi langu kwenu ni hili. Ipo filamu ya mwaka 1988 iliyotengenezwa kuwa hitimisho, na zipo orodha za sehemu “muhimu” ambazo watu hupeana ili kuokoa muda. Msianzie huko. Anzeni na sehemu ya kwanza, mfuate mfululizo, mbili au tatu kwa juma, na zile za katikati zinazochosha mzivumilie pia. Aliyeruka miaka ya Godai akafika moja kwa moja makaburini atasikia maneno mazuri tu. Hatajua yamegharimu nini.